Miaka Niliyokimbia na Mgonjwa Wangu

Nyinyi wauguzi wachanga, tukikutana pale kwenye geti la hospitali mnapenda kuniuliza kama ni kweli nilikuwa nakimbia barabarani na mgonjwa. Ni kweli. Wengine mmeisikia habari hiyo ikiwa imetiwa chumvi, ati nilikuwa nawafukuza wazee wa sukari kwa bakora mpaka Kiganjo. Bakora sikuwa nayo, na Kiganjo tulifika mara moja tu, tukarudi kwa gari. Sasa nimestaafu, nina wakati. Ketini niwaeleze vizuri, maana kuna sehemu ambayo hamjaisikia, na ndiyo ninayotaka mwende nayo kazini.

Nilifanya uuguzi miaka thelathini na mitano, na zaidi ya nusu yake nilikuwa kwenye kliniki ya presha na sukari, ile ya Jumanne. Mnajua hakuna anayeomba kupelekwa huko. Wodi ya wazazi ina watoto, chumba cha upasuaji kina mambo mazito ya kusimulia nyumbani. Kliniki ya Jumanne ina benchi refu, wazee waliovaa masweta mawili mawili, na maneno yale yale wiki baada ya wiki.

Aliyenipokea huko ni Sista Kagendo, mama mrefu wa kutoka Chuka, aliyezungumza polepole na hakupenda kurudia neno. Wiki ya kwanza nilimpima mama mmoja aliyekuwa amepanda kilima kutoka sokoni na kabichi mgongoni. Nilimpima akiwa amesimama, mkono wa sweta haujakunjwa, huku akinieleza makosa ya mkwe wake. Presha iliyotoka ilinitisha. Nilikimbia kumtafuta daktari, nikatandika kitanda, nikamwambia mama asitikisike. Sista Kagendo akaja. Akamketisha, mgongo ukaegemea kiti, miguu yote miwili ikawa chini. Akamvua sweta, akamwomba anyamaze, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Tukangoja mpaka chai yangu ikapoa. Alipopima tena, presha ilikuwa ya msichana.

"Muthoni," akaniambia, "umepima kilima, sweta na mkwe. Sasa umepima mama."

Siku hizi mna mashine zinazojipima zenyewe na kupiga kengele. Lakini mashine haijui kama mtu amepanda kilima. Hiyo ni kazi yako.

Basi, kila Jumanne nilikuwa nasimama mbele ya lile benchi kutoa mawaidha. Punguzeni chumvi. Punguzeni mafuta. Fanyeni mazoezi, jamani, tembeeni, kimbieni. Niliyasema maneno hayo miaka mingi, na mimi mwenyewe nilikuwa napanda boda boda kutoka stendi mpaka mlango wa hospitali, umbali ambao kuku angetembea bila kulalamika. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mume wangu alikuwa ameaga miaka mitatu nyuma, watoto wote walikuwa Nairobi, na jioni nilikuwa nakula mbele ya televisheni mpaka nisinzie hapo kwenye kochi.

Ndipo siku moja Mzee Idi akaninyooshea kidole.

Mzee Idi alikuwa fundi cherehani wa Majengo, karibu na msikiti. Nusu ya watoto wa mji huu walivaa sare alizozishona yeye. Alikuwa na sukari na presha pamoja, tumbo la mtu anayekaa kutwa, na futi ya kupimia ambayo haikutoka shingoni hata akiwa kliniki. Nilipomaliza mawaidha yangu aliniangalia kama fundi anavyoangalia, kutoka mabegani mpaka kiunoni.

"Sista, na wewe hukimbia wapi?"

Benchi lote likanigeukia.

"Mimi niko na kazi nyingi, mzee."

"Na mimi je? Mimi huja hapa kwa sababu sina kazi?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Nikacheka nao, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Wagonjwa walipoondoka, Sista Kagendo akaniita chumba cha ndani, akanifunga kitambaa cha presha mkononi. Alipomaliza hakuniambia kilichotoka. Alichukua kadi mpya, akaandika jina langu, akaichomeka katikati ya kadi za wagonjwa.

"Jumanne ijayo kwanza ukae kwa benchi," akasema, "halafu ndiyo uvae aproni."

Nilikaa. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kando ya Mzee Idi. Hakunicheka. Alisogea kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Karibu, sista. Huku si kubaya sana." Nilipotoka kwa daktari na tembe zangu nilimwambia kwamba Jumamosi asubuhi nitakuwa barabarani, na kama ana raba, aje.

Jumamosi hiyo ya kwanza nitaikumbuka mpaka kaburini. Nilitoka alfajiri, nikiwa nimevaa sketi ndefu na viatu vya kazi, nikaanza kukimbia taratibu kuelekea Kamakwa. Sikuwa nimefika mbali nikasikia miguu nyuma yangu. Mama mmoja jirani alikuwa ananifuata, leso haijafungwa vizuri. "Sista, ni nani? Ni nani amezidiwa?" Nyuma yake kulikuwa na mwingine. Mahali hapa, nesi akionekana anakimbia, kila mtu anajua kuna mtu anakufa. Nilisimama, nimeishiwa pumzi, nikajaribu kueleza kwamba ni mazoezi tu. Mama akaniangalia kwa huruma. "Ati mazoezi? Ama hutaki kutuambia?" Mzee Idi alitukuta hapo, akaapa mbele ya wote kwamba hakuna maiti.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulikimbia kutoka mlingoti mmoja wa nyaya za stima mpaka mwingine, kisha tukatembea milingoti miwili. Niwape yale niliyojifunza, kwa sababu hamtayapata kwenye chati ukutani. Ukikimbia na mtu, mwulize jambo. Akishindwa kumaliza sentensi, mmeenda kasi mno. Mtu wa sukari mpime kabla hamjatoka, na asitoke bila kumeza kitu. Peremende ikae mfukoni mwake, sukari isije ikashuka ghafla, na nyingine mfukoni mwako, kwa maana yeye ataila ya kwake bila sababu. Mkirudi, avue soksi, umwangalie katikati ya vidole. Anaweza kuwa na lengelenge na asilisikie. Raba za mitumba anunue jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ya kidole gumba kibaki nafasi.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nashuka ngazi za hospitali kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Mwezi wa tatu nilipita kando ya boda boda za stendi, vijana wakaniita, nikawapungia mkono. Mzee Idi alitushonea suruali za mazoezi kutoka vipande vya sare vilivyobaki, kijani na kijivu, tukawa kama wanafunzi wa shule mbili waliofukuzwa pamoja. Mwaka ulipokwisha tulikuwa tunakimbia saa nzima bila kusimama.

Mtaniuliza nilipata nini. Presha ilishuka, ndiyo, na daktari akaniondolea tembe moja. Magoti niliyodhani yamezeeka kumbe yalikuwa yamelala. Lakini kitu cha kwanza nilichopata ni usingizi. Tangu nimzike mume wangu nilikuwa nalala kama mlinzi, jicho moja wazi. Baada ya wiki chache za mbio nililala usiku kucha, nikaamka na alama za mto shavuni. Nikakaa kitandani nikalia kidogo, kwa furaha tu.

Na kuna kingine. Nesi huitwa kutwa. Sista hapa, sista pale, mpaka nyumbani jirani anakugongea na mtoto mwenye homa. Barabarani asubuhi hakuna aliyeniita. Mlima ulikuwa unajitokeza wote kabla mawingu hayajaufunika, baridi inauma masikio, nasikia pumzi yangu na ya Mzee Idi, na kwa muda huo mwili wangu ulikuwa wangu mwenyewe. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nimeukosa.

Mzee Idi naye sukari yake ilishuka kuliko ya wote. Tumbo likaisha, akalazimika kujipunguzia suruali zake zote. Nikajivunia. Sista Kagendo alikuwa ameshastaafu na kurudi Chuka, kwa hiyo benchi lilikuwa langu, na kila Jumanne nilimsimamisha Mzee Idi mbele ya watu. "Mwoneni huyu," nilikuwa nasema. "Mwoneni!" Siku moja nikiwa na furaha nikaongeza, kwa sauti, "Mbio ni dawa kushinda hizi zote!" Watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Mtu ninayekimbia naye mara tatu kwa wiki niliacha kumwuliza kama anameza dawa. Niliona aibu kumwuliza. Tulikuwa marafiki.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mwaka wangu wa mwisho kazini. Tulikuwa tunarudi, tumekaribia mjini, na Mzee Idi alikuwa ananieleza juu ya kitambaa fulani kinachofifia kikifuliwa. Maneno yake yakaanza kuwa laini, kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Nikadhani ni baridi. Kisha chupa ya maji ikamponyoka. Aliiangalia ilivyoanguka, akajaribu kuiokota, mkono wa kulia ukakataa.

"Mzee, niangalie. Cheka."

Alicheka upande mmoja tu.

Nilimkalisha kando ya barabara, nikamwegemeza kifuani kwangu. Nikaangalia saa, nikaishika kichwani, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la daktari: lilianza saa ngapi? Sikumpa maji, sikumpa chochote, maana mdomo uliolegea haumezi vizuri. Pikapu ya maziwa ilikuwa inapita. Nilisimama katikati ya barabara nikiwa nimenyoosha mikono, na dereva akafunga breki mbele ya magoti yangu. Tulimlaza kati ya mitungi. Njia nzima alikuwa anataka kuniambia kitu na neno halitoki. Nilimwambia, "Nyamaza, mzee, utaniambia kesho." Niliwahi kusema maneno hayo kwa wagonjwa wengi. Sikuwahi kuyaombea hivyo.

Alilazwa kwa kiharusi. Alasiri mkewe, Mama Rehema, akanijia kwenye varanda ya wodi akiwa ameshika kopo la vifungo. Ni mama mpole, mfupi, asiyeinua sauti. Akalifungua. Chini ya vifungo vya sare kulikuwa na tembe, nyingi, za miezi.

"Nimezikuta chini ya cherehani," akasema. "Sasa nakumbuka alivyoniambia. Alisema sista amesema mbio ni dawa kushinda hizi."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kujificha.

Sikukimbia tena. Raba nilizisukuma chini ya kitanda. Nilienda kazini, nikapima watu, nikarudi nyumbani, na usingizi ukaniacha kama zamani. Wodini nilikuwa namchungulia Mzee Idi nikijua amelala. Wiki ya tatu nikashindwa, nikaomba ruhusa ya siku moja nikaenda kumwona Sista Kagendo. Nikashuka mpaka Sagana, nikabadilisha gari, nikazunguka mlima kwa upande wa Embu mpaka kwake Chuka. Nilimkuta akipogoa mikahawa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama katikati ya miche. Hakuacha kukata.

"Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Umewaambia wale wa benchi?"

"Bado, sista."

"Basi umepanda magari mawili bure." Akaweka mkasi chini. Akaniangalia kwa muda, uso ukalegea, akanishika bega. "Muthoni, mbio hazikumwangusha. Neno lako lilisaidia kumwangusha, na ukimya wako. Sasa usizitupe mbio ndiyo ujisikie umelipa. Njoo tunywe chai, halafu urudi kwako kabla gari hazijaisha."

Mzee Idi alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani nilipomwendea. Chumba chao Majengo kina dirisha moja, na chini yake cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mzee Idi alikuwa kitandani, ule mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Mama Rehema alikuwa anabambua mbaazi. Nikaketi kwenye kigoda, nikasema nililokuja kusema: kwamba nilikosea, kwamba mbio husaidia dawa lakini hazikai mahali pake mpaka daktari mwenyewe aseme, kwamba nilijua hivyo na bado nikasema vingine kwa sababu ya kupigiwa makofi. Na kwamba niliacha kumwuliza.

Mzee Idi alinigeuzia uso. Maneno yalikuwa yanamjia moja moja.

"Mimi... mtu mzima," akasema. "Nilificha." Akapumzika. "Nusu yako. Nusu... yangu."

"Na mimi ninayelala naye kitanda kimoja sikuona kitu," Mama Rehema akasema, macho kwenye mbaazi. "Basi tugawane mara tatu. Sista, shika bakuli unisaidie."

Tukabambua mbaazi. Hakuniambia amenisamehe, na sikuuliza. Nilipoinuka kwenda alinipa mkono wa kushoto, akaukaza.

Jumanne iliyofuata nilisimama mbele ya benchi nikawaeleza yote, bila kutaja jina lake, ingawa wote walijua. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alifungua kibeti chake polepole, akatoa tembe alizokuwa ameacha kumeza. Na mzee mwingine. Kutoka siku hiyo mpaka nikastaafu, hakuna aliyeketi mbele yangu bila mimi kumwuliza, hata kama nimemfahamu miaka ishirini: umemeza leo? Umemeza jana? Ulizeni, watoto wangu. Rafiki zenu waulizeni mara mbili.

Mbio nilizirudia, lakini sikurudi peke yangu. Asubuhi moja Mama Rehema alinigongea mlango. Alikuwa amevaa buibui, na chini yake raba nyeupe za binti yake, zimempwaya.

"Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini, Mama Rehema?"

"Yeye nataka kumtunza miaka mingi. Nikianguka mimi nani atamwinua? Kwanza nipime, najua utanipima. Nimekaa nimepumzika, sijapanda kilima chochote."

Nilimpima. Nikampeleka kliniki akaonwe. Halafu tukaanza, mlingoti kwa mlingoti. Ni mkaidi yule mama. Miezi miwili tu alikuwa ananiacha kwenye miteremko, buibui limejaa upepo, na anaporudi kunisubiri anasema ananihurumia.

Mzee Idi naye alikuwa anajifunza kutembea upya, na fimbo, na mazoezi aliyopewa na wataalamu wa hospitali. Mwanzoni tulikuwa tunamkuta mlangoni, ameketi kwenye kiti, ameshika saa ya ukutani ili atuambie tumechukua muda gani. Baadaye tukamkuta amesimama nje, kwenye ukuta wa msikiti. Mwezi mwingine alikuwa amefika kwenye kinu cha unga, anazungumza na wenye magunia. Mkono hautashona tena kama zamani, amekubali hivyo. Sasa anamfundisha binti yake kukata, anamwelekeza kwa fimbo. Dawa anameza mbele ya mkewe, anafungua mdomo kama mtoto ili aonwe.

Alhamisi iliyopita tulirudi kutoka Kamakwa, tukafika kwenye kinu cha unga, hayupo. Tukauliza. Mwenye kinu akasema alimwona asubuhi mapema, lakini hakuangalia alikoelekea. Mama Rehema alinishika mkono. Tukaanza kurudi tulikotoka, tukichungulia kila kichochoro, kila kibanda. Sikukumbuka kupima kasi wala pumzi. Nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu kwa sauti.

Tulimkuta mbali, chini kabisa, kwenye daraja la mto Chania. Kumbe tulimpita wakati tunarudi kutoka Kamakwa, amekaa nyuma ya nguzo akipumzisha mguu, sisi tukiwa tumeshindana kupanda. Alikuwa ameegemea ukingo wa daraja, fimbo kando yake, anaangalia maji. Mama Rehema alikuwa analia na kumgombeza kwa pamoja.

Mzee Idi akamsubiri amalize. Kisha akatukagua sote wawili kutoka mabegani mpaka kwenye raba, jasho linavyotutiririka.

"Nimewangoja sana," akasema. "Mmekuwa wazito siku hizi."

Tukampa peremende, tukapanda naye kilima, polepole, mpaka nyumbani.